Mbegu Thelathini na Nane

Kwetu hakuna mtu anayesema hajui. Ni ugonjwa wa ukoo. Muulize Shangazi, dada yake Baba, njia ya kwenda mahali ambapo hajawahi kukanyaga, atakuelekeza mpaka mlangoni, na ukipotea atakulaumu wewe kwa kutosikiliza. Kaka yangu ni fundi friji, lakini mpe gari, mpe redio, mpe hata ndoa ya watu inayoyumba, atakuambia palipoharibika kabla hujamaliza kueleza. Mimi natunza maabara ya shule ya sekondari. Napima vitu kwa kazi na kwa tabia, ndiyo maana Kaka ananiita Kipimo. Siku zote nimejiona nina afadhali kuliko hao wengine. Nao pia wanajiona wana afadhali.

Tuliamini ujuzi huo tumeurithi kwa Baba. Baba alikuwa fundi saa. Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya nyumba, kati ya jiko na bafu, na humo alikaa miaka arobaini na lenzi yake jichoni na kibano mkononi. Watu walimletea saa zilizokufa, akawarudishia zikitembea. Kitu cha pili alichokipenda baada ya saa kilikuwa nyanya, tena aina moja tu, ambayo mbegu yake alipewa na mteja kabla mimi sijazaliwa. Ilikuwa na mikunjo kama uso wa mtu aliyeamshwa vibaya, na mabega yake hayakuiva vizuri hata siku moja. Sokoni hakuna ambaye angeinunua. Lakini ukiikata ukatia chumvi kidogo, hukutaka tena kuongea na mtu.

Kila mwaka, Jumapili moja kabla ya mvua, Baba aliingia chumba cha saa na beseni, birika na kikopo chake cha mbegu, akafunga mlango kwa ufunguo. Alikuwa anazitia mbegu dawa kabla ya kuzipanda. Ni dawa gani, hakumwambia mtu. Sisi tulibaki uani tukinusa.

Baba alifariki miaka mitatu kabla ya haya, na siri yake akaondoka nayo. Tangu hapo hakuna aliyegusa kile kikopo. Mama alinunua nyanya sokoni kama watu wengine. Kila aliporudi alikata moja, akaonja kipande, akasema, "Nyekundu." Hakuongeza neno. Mama alikuwa karani miaka yote ya kazi yake na hapotezi maneno.

Basi Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, Mama akaenda chumbani kwake, akarudi na kikopo. Ni kile cha bati cha vipuri vya saa. Akakiweka mezani katikati ya sahani chafu.

"Mwaka huu nataka kuila ile nyanya," akasema. "Nina miaka sabini na moja. Sitaki kuionja tena kwa kukumbuka."

Nikamwaga mbegu juu ya karatasi nyeupe, nikazihesabu kwa kibano cha Baba. Zilikuwa thelathini na nane. Zilikuwa na miaka mitatu, na duniani, kwa jinsi tulivyojua, hapakuwa na nyingine. Nikawaambia wote wasiziguse, kwanza tuelewane kuhusu dawa.

"Hapo pa kuelewana ni wapi?" akasema Shangazi. Shangazi ni mshonaji, na hata akila huwa na pini kifuani. "Ni majivu. Kaka yangu alikuwa akiloweka kwenye maji ya majivu usiku kucha. Mimi mwenyewe siku hiyo nilikuja hapa nikakuta jiko limefagiliwa safi. Nani hufagia jiko Jumapili?"

"Shangazi, samahani," akasema Kaka, na kwa sauti hiyo nikajua hana samahani yoyote. "Ni kitunguu saumu. Nilikuwa nimesimama hapo dirishani. Harufu ilinitoa machozi."

"Wewe ulikuwa unalia kwa sababu ulikuwa umechapwa."

"Nilichapwa mwaka mwingine."

Nikawaacha wamalize. Halafu nikasema kwa utulivu, kwa ule utulivu ambao Kaka huuchukia kuliko kelele, kwamba dawa ilikuwa maji ya moto. Nyuzi hamsini, dakika ishirini na tano, hapo vijidudu vya ugonjwa vinakufa na mbegu inabaki nzima. Tena nilikuwa na ushahidi. Mwaka niliougua surua, kipimajoto cha nyumbani hakikuonekana mchana mzima, na jioni kilikutwa chumba cha saa, kimepasuka ndani ya beseni.

Mama akatutazama mmoja mmoja. Alikuwa na sura ya mtu anayetaka kusema jambo, nami nikamsubiri, lakini akaanza kukusanya sahani.

"Kipimo ndiye mwenye vifaa," akasema. "Afanye yeye."

Nilikuja Jumamosi na kipimajoto cha shule, kile kirefu cha kioo, nilichoandika kwenye daftari kwamba nimekiazima. Nikajifungia chumba cha saa. Nilifunga kwa ufunguo, kama Baba. Nikazifunga mbegu kwenye kipande cha kitambaa, nikachanganya maji ya birika na ya baridi mpaka zebaki ikasimama kwenye hamsini kamili, nikazizamisha na kuanza kuhesabu dakika kwa saa ya ukutani ya Baba, ambayo inatembea mpaka leo. Pembeni nilikuwa na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto ya kuongezea. Kila kitu kilikwenda sawa kwa dakika kumi na mbili.

Dakika ya kumi na tatu nikamsikia Kaka sebuleni akimwambia Mama, "Baba hakutumia vipimajoto. Baba alitumia akili."

Sasa mimi ningefanyaje? Nikaongeza maji ya moto kidogo kusudi yasipoe, nikafungua mlango, nikaenda sebuleni nimweleweshe. Ilikuwa niseme sentensi moja. Lakini Kaka hana sentensi moja. Tukaingia kwenye vijidudu, tukatoka, tukaingia kwenye friji, akaniambia eti kwa nini watu hawachemshi nyama kabla ya kuigandisha, nikamwambia huo ni upuuzi, akaniambia mimi tangu utoto nadhani kusoma ni kuzuri kuliko kuona. Niliporudi chumba cha saa, saa ya Baba iliniambia zimepita dakika arobaini na moja. Kipimajoto, hata baada ya muda wote huo, kilikuwa bado kwenye hamsini na tatu; yale maji ya moto niliyoongeza hayakuwa kidogo.

Nilizitoa mbegu, nikazitandaza kwenye karatasi juu ya meza ya kazi. Zilionekana vilevile. Nikatoka nje, nikasema, "Tayari. Zikauke siku tatu, mtu asiziguse." Ya dakika arobaini na moja sikuyasema. Nilijiambia tofauti ni ndogo. Kazini, mwanafunzi akiniletea tofauti ya namna hiyo, namrudishia kazi yake.

Jumatano jioni tukazipanda. Kaka alileta udongo mwepesi, Shangazi akaleta trei za mayai, mimi nikatoboa mashimo kwa kalamu, mbegu moja kila tundu, zote thelathini na nane. Tukazipanga kwenye dirisha la chumba cha saa ambapo jua la asubuhi linaingia. Mama akachukua chupa ya kunyunyizia aliyokuwa akipigia pasi, akasema kumwagilia ni kazi yake.

Siku ya saba hapakuwa na kitu. Nikawaambia ni kawaida, mbegu zilizozeeka huchelewa. Siku ya kumi hapakuwa na kitu, nikasema tena ni kawaida, ila sauti haikutoka vizuri. Nilianza kupita kwa Mama kila jioni kutoka kazini, nikisingizia mambo. Mara nimesahau mwavuli, mara nataka kuonja chai yake. Nilikuwa naingia moja kwa moja chumba cha saa na kuinama juu ya zile trei mpaka pua inagusa udongo.

Siku ya kumi na tatu nilimkuta Mama jikoni na mfuko wa nyanya za sokoni. Alikuwa amekata moja. Akaonja kipande, akameza, hata ile "Nyekundu" yake hakuisema. Nilihisi vibaya kiasi kwamba nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumapili tukakutana wote kama kawaida. Kabla ya chakula nikaingia chumba cha saa, nikainama, na safari hiyo kwa kuwa udongo ulikuwa umetoka kumwagiliwa, nikanusa kitu. Nikainama tena. Kilikuwa kitunguu saumu.

Nilibeba trei mbili mpaka sebuleni, nikaziweka mezani mbele ya Kaka.

"Nusa."

"Nanusa udongo."

"Nusa vizuri."

Kaka akakuna shingo. Akasema Jumapili ile, mbegu zilipokuwa zinakauka, alipita tu. Alikuwa na punje mbili za kitunguu saumu mfukoni, si kwamba alipanga, zilikuwepo tu. Akazitwanga kwenye kikombe na maji, akaziloweka mbegu kwa nusu saa, akazirudisha kwenye karatasi. "Nilitaka nimsaidie Baba," akasema.

"Jumapili saa ngapi?" akauliza Shangazi.

"Asubuhi."

Shangazi akaanza kuchomoa pini kifuani na kuzichomeka tena. "Basi ndiyo maana zilikuwa na unyevu," akasema. "Mimi nilifika mchana."

Ikabainika kwamba Shangazi alikuja na majivu kwenye bahasha. Aliyakoroga kwenye bakuli la Mama la uji, akaziacha mbegu humo mpaka Jumatatu asubuhi, akalala hapa kwa Mama, akaamka mapema kuliko wote akaziosha na kuzianika upya. Mimi nilipozikuta Jumatano zimekauka vizuri, nilijisifu kwa ukaushaji.

Hapo nikawaka. Sitaki kurudia yote niliyosema. Nilisema kwamba mbegu si nguo kwamba kila mtu aipime mwilini mwake. Nilisema kwamba Baba alituachia kitu kimoja na tumekiua kwa kiherehere, kwamba kazi ya kitaalamu ina utaratibu, na kwamba katika nyumba hii hakuna anayeweza kuona kitu kinakwenda vizuri akakiacha kiende. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa. Shangazi alikuwa anapangusa macho kwa ncha ya mtandio. Nilikuwa bado naendelea, nikihisi utamu wa kuwa na haki peke yangu, Mama aliponikatiza.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Siku ile ulikaa hapa sebuleni muda gani ukigombana na kaka yako?"

Nikatazama trei. Ningeweza kusema dakika tano. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema dakika tano. Lakini Mama alikuwa ananitazama bila hasira, na mkononi alikuwa na ile chupa yake ya kunyunyizia, na nilijua kwamba kila asubuhi kwa siku kumi na nane alikuwa akinyunyizia mbegu nilizoziua mimi.

"Zilikaa dakika arobaini na moja," nikasema. "Na maji yalikuwa bado hamsini na tatu. Nilijua tangu siku ile."

Shangazi akaacha kupangusa macho.

"Arobaini na moja," akasema Shangazi polepole. "Mwanangu, hukuzitia dawa. Umezipika."

Kaka akaanza kucheka. Alijaribu kuzuia, akashindwa. Mimi nilikuwa nalia, halafu nikawa sijui kama nalia au nacheka, kwa sababu niliwaza zile mbegu maskini, zimechemshwa, zikapakwa kitunguu, zikalazwa kwenye majivu, zimebaki kutiwa chumvi tu.

Mama akakaa. Aliiweka chupa chini.

"Niwaambie jambo," akasema. "Baba yenu alikuwa hajui."

Tukamtazama.

"Hakujua dawa ya mbegu. Hakuwahi kujua. Kila mwaka alijaribu kitu kipya. Mwaka wa majivu ulikuwepo, wifi, hukukosea. Mwaka wa kitunguu saumu ulikuwepo. Mwaka wa surua alichukua kipimajoto changu, na kilipopasukia kwenye beseni akatupa mbegu zote za siku hiyo. Kuna mwaka wa maziwa, sisimizi wakazibeba zote, tukala nyanya za sokoni mpaka mvua nyingine. Hamkumbuki? Aliwaambia ni baridi."

"Lakini alikuwa anajifungia," nikasema.

"Ndiyo. Asionekane akibabaika. Mimi nilikuwa nasimama upande wa pili, kwenye dirisha la bafu, ananiuliza kwa kunong'ona, 'Mwaka jana nilifanya nini?' Namwambia sikumbuki. Ananiambia, 'Hata mimi.' Tunacheka huko kwa siri kama watoto." Mama akatabasamu, kisha tabasamu likapungua. "Alinikataza nisiwaambie. Alisema, wakijua sijui la nyanya, kesho nani ataniletea saa? Kitu kimoja tu alikuwa na uhakika nacho. Hakupanda zote. Kila mwaka alibakiza nusu kwenye kikopo."

Nikazigeukia trei. "Mama, sisi tumepanda zote. Ulikuwepo. Mbona hukusema?"

"Nilidhani unajua, mwanangu. Ulikuwa na kipimajoto."

Hapo hatukucheka. Mwishowe Shangazi akainuka, akazibeba trei, akazirudisha dirishani mwenyewe. Hakuna aliyesema zitupwe. Kila mmoja alimwachia mwenzake aliseme, na hakuna aliyelisema.

Mama akaendelea kunyunyizia. Nilimwambia siyo lazima. Akasema ameshazoea.

Siku ya ishirini na mbili nikiwa maabara nahesabu mirija, simu ikaita. Ilikuwa Mama, ambaye hapigi simu mchana kwa kuwa anaamini mchana simu ni za watu wa ofisini.

"Njoo na kile kioo chako cha kukuzia," akasema. "Sitaki kusema kitu ambacho sicho."

Sikuchukua kioo. Nilichukua ruhusa. Nilipofika nikamkuta ameshavaa lenzi ya Baba jichoni, ameinama juu ya trei ya pili. Katika tundu la pembeni palikuwa na uzi mweupe uliojikunja, umebeba punje ya udongo kichwani. Haukuhitaji lenzi. Nilimkumbatia Mama mpaka lenzi ikadondoka.

Zikaota saba. Ni saba tu kati ya thelathini na nane, tena kwa kujivuta, ya mwisho siku ya ishirini na tisa. Kaka alikuja akatazama, akasema ni nguvu ya kitunguu saumu. Shangazi akasema ni majivu, mtu mwenye macho anaona. Mimi nilitaka kuwaeleza kwamba katika hali hii haiwezekani kujua ni kipi kimesaidia na kipi kimeharibu. Nikaona waache wafurahi.

Tulihamishia miche kwenye ndoo za rangi zilizotobolewa chini, tukazipanga uani kando ya tangi la maji. Mmoja ulikatwa na mdudu usiku wa kwanza. Mmoja ulinyauka bila kutoa sababu. Mitano ikasimama, na Kaka akaifungia vijiti kwa waya wa friji, kazi nzuri kweli, nilimwambia hivyo na akashtuka.

Nyanya ya kwanza iliiva Alhamisi. Mama alitusubiri mpaka Jumapili, na tulipofika wote akaichuma mbele yetu. Ilikuwa mbaya kama zamani, mikunjo yote ipo, mabega ya kijani. Aliikata akiwa amesimama kwenye sinki, kama Baba alivyokuwa akifanya, akatia chumvi, akala kipande. Tulimtazama mdomoni. Alitafuna muda mrefu, amefumba macho, machozi yakamtoka na hakuyafuta.

"Hii," akasema.

Halafu akatupa kila mmoja kipande chake, na kwa muda hakuna aliyetaka kuongea na mtu.

Mbegu za nyanya za msimu huo tulizikusanya kwenye glasi, tukaziacha na maji yake zipate kuchacha siku tatu, tukaziosha na kuzianika. Nilizihesabu. Zilipita mia nne. Na mwaka ulipozunguka, Jumapili moja kabla ya mvua, Mama akagawa kwa kibano. Nusu akazirudisha kwenye kikopo, akakifunga, akakitia mfukoni mwake na kupiga mfuko mara mbili. Nusu akanipa mimi pamoja na beseni.

Nikaenda chumba cha saa. Nyuma yangu nikamsikia Shangazi akija na bahasha yake, na Kaka akiwa tayari ananuka. Nikaingia, nikaweka beseni mezani, mkono wenyewe ukaenda kwenye ufunguo.

"Mlango acha wazi," akasema Mama.

Nikaacha. Wakaingia wote watatu, tukabanana kati ya meza na ukuta, viwiko kwenye mbavu, saa ya Baba ikitembea juu yetu. Wakanitazama.

"Haya, Kipimo," akasema Kaka. "Tunaanza na nini?"

Nikafungua mdomo. Nyuzi hamsini zilikuwa kwenye ncha ya ulimi, dakika ishirini na tano zimejipanga nyuma yake. Nikatazama zile mbegu kwenye karatasi, halafu kidirisha kidogo cha upande wa bafu, pale Baba alipokuwa akinong'ona.

"Sijui," nikasema.

Mama akashika ukingo wa meza akicheka mpaka mabega yanatikisika.

"Sema tena," akasema. "Kwa sauti. Asikie na yeye."

Nikasema tena.